Mfupa Umepona, Bibi Hainuki: Uchambuzi wa Kisa cha Nyonga Iliyovunjika Lamu

Mgonjwa ni bibi wa miaka 74, mkazi wa Mkomani, Lamu mjini. Aliteleza ngazini alfajiri akishuka kutia udhu, akaangukia nyonga ya kulia. Shingo ya mfupa wa paja ilikatika na vipande vikaachana. Siku ya 8 baada ya kuanguka alipasuliwa Mombasa: kichwa cha mfupa kilitolewa, kikawekwa cha chuma. Siku ya 5 baada ya upasuaji akaruhusiwa kurudi nyumbani. Mimi niliitwa wiki ya 4. Kidonda kilikuwa kimefunga, nyuzi zimetolewa, picha ya eksirei ikionyesha chuma kimekaa sawasawa. Na bibi hainuki. Anakula vijiko vitatu, anageukia ukuta. Ukimgusa mguu anasema, "Niwateni nilale." Katika kitabu chake cha kliniki, chini ya tarehe ya mwisho, mtu ameandika kwa kalamu nyekundu kwamba haendelei vizuri kwa sababu ya umri.

Ninafanya kazi ya tibaviungo. Watu hapa husema fizio, na wazee huniita daktari hata nikikataa. Jina la mgonjwa silitaji, na baadhi ya mambo ya familia nimeyabadilisha asitambulike. Kisa nakiandika kwa sababu ya ile kalamu nyekundu. Siku moja kabla ya kuanguka, bibi huyu alikuwa na umri ule ule, na alipanda na kushuka ngazi zile zile, akaenda kumpa mkono jirani aliyefiwa, akarudi kupika wali wa nazi. Kama umri ndio uliomlaza, siku hiyo ulikuwa wapi?

Sidai kwamba umri hauna uzito. Nyonga ikivunjika uzeeni ni jambo zito popote duniani: kwa hesabu za hospitali nyingi, kati ya wagonjwa 4 hadi 5 mmoja hufariki ndani ya mwaka, na wengi wa wanaobaki hawarudi kutembea walivyokuwa wakitembea. Lakini neno umri likiandikwa kitabuni, kila mtu huacha kutafuta. Muuguzi haulizi tena damu imefika ngapi, binti haulizi tena dawa hii ni ya nini. Nilichofanya mimi na daktari wa zamu ni kurudi nyuma, siku hadi siku, kutazama nini kilimpata mwili huu tangu kabla ya ile ngazi.

Kabla ya kuanguka

Alikuwa na presha kwa miaka mingi, na dawa yake ilikuwa hidroklorothiazidi, kile kidonge cha bei nafuu kinachotoa maji na chumvi kwa mkojo. Miezi miwili kabla ya kuanguka kipimo kiliongezwa mara mbili kwa sababu presha ilipanda siku ya kliniki. Jicho la kushoto lina mtoto wa jicho. Anaona kivuli tu. Meno yamebaki machache mbele. Uzito ulikuwa kilo 46 kwa mizani ya kliniki. Kisukari hana, moyo na figo vilipimwa Mombasa, havikuwa na tatizo la kutaja.

Nilimuuliza binti yake mkubwa, "Bibi hula nini kwa siku?" Akanijibu haraka, kila kitu. Nikamwomba anisimulie siku moja, kuanzia alfajiri. Asubuhi chai ya maziwa na mkate wa mofa uliochovywa. Mchana wali kidogo na mchuzi wa samaki. Samaki mwenyewe humwachia wajukuu, kwa kuwa miba inamsumbua na haoni vizuri kuichambua. Jioni chai tena na mkate. Usiku, kama ana hamu, uji. Haya ni maisha ya mabibi wengi wa Lamu na sioni aibu yoyote ndani yake. Ila ukikadiria protini ya siku nzima, haifiki gramu 25. Mzee mgonjwa mwenye jeraha huhitaji kati ya gramu 1.2 na 1.5 kwa kila kilo ya mwili, maana yake kwake ni kama gramu 55 hadi 70. Misuli ya paja aliyokwenda nayo kwenye upasuaji ilikuwa akiba ndogo tangu mwanzo.

Kuna jambo la pili katika chakula hicho ambalo wengi hawalijui, na mimi mwenyewe nilielezwa na daktari wa zamu. Figo haiwezi kutoa maji matupu. Inahitaji taka za protini na chumvi ili maji yatoke nazo. Mtu anayeishi kwa chai na mkate ana taka chache, kwa hiyo maji hubaki mwilini na sodiamu, yaani chumvi iliyomo kwenye damu, hupungua kwa kuchanganywa na maji mengi. Ongeza hapo kidonge kinachofukuza sodiamu kwa mkojo, na mwanamke mzee mwembamba, ambaye ndiye anayeathirika zaidi na kidonge hicho. Shida ya bibi, kwa maoni yangu, ilianza pale, wiki kadhaa kabla ya mfupa. Sodiamu ya chini humfanya mzee ayumbe kidogo anapotembea, hata kabla hajaanza kuchanganyikiwa. Binti alikumbuka kwamba mwezi ule mama yake alikuwa akishika ukuta akitoka kitandani, akisema kichwa chepesi. Walidhani ni joto.

Siku nane za kungoja

Siku mbili za kwanza aliitiwa mtu wa kukanda. Alikandwa kwa mafuta ya simsim, mguu ukaning'inizwa kwa kitambaa. Sina ugomvi na wakandaji. Wapo wanaojua kuvunjika ni nini na humwelekeza mgonjwa hospitali mapema. Huyu hakuuona mguu uliofupika na wayo uliogeukia nje, dalili ambayo hata mjukuu wa miaka 12 angeiona akionyeshwa. Siku ya tatu ikapigwa picha hapa kisiwani, na rufaa ikaandikwa.

Msomaji asiyeijua Lamu aelewe: vichochoro vya mji wa kale havipitishi gari. Mgonjwa alibebwa kwa machela mpaka bandarini, akapandishwa mashua hadi Mokowe, upande wa bara, akaingizwa kwenye gari la wagonjwa, kisha zaidi ya kilomita 300 hadi Mombasa. Kila bonde la barabara lilifika kwenye nyonga. Siku ya nne akawa wodini. Makaratasi ya bima yakachukua muda, familia ikachanga, na nafasi ya chumba cha upasuaji ikaahirishwa mara mbili.

Hapo kwenye kuahirishwa pana jambo dogo lenye gharama kubwa. Kila alipopangiwa upasuaji aliambiwa asile wala asinywe tangu saa sita usiku. Siku zote mbili upasuaji ulifutwa mchana, na mara moja hakuna aliyekumbuka kumwambia ale mpaka jioni. Wataalamu wa usingizi kwa miaka mingi sasa hukubali mgonjwa ale mpaka saa 6 kabla, na anywe maji au chai ya rangi mpaka saa 2 kabla. Kumfungisha bibi wa kilo 46, kwenye joto la Mombasa, kwa saa 12 hadi karibu 18, mara mbili katika wiki moja, ni kumpunguzia maji na nguvu kabla kisu hakijamgusa.

Je, kuchelewa kwenyewe kulimdhuru kiasi gani? Huko Uingereza mwongozo ni kupasua siku ile ile ya kulazwa au kesho yake. Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2020, wa karibu wagonjwa 3,000 katika nchi 17, ulilinganisha upasuaji wa haraka sana, ndani ya saa chache, na ule wa siku inayofuata. Vifo havikupungua. Waliochanganyikiwa akili walikuwa wachache zaidi, na wagonjwa waliinuka mapema zaidi. Wale walikuwa wakibishana kuhusu saa. Sisi tunazungumzia siku nane. Kitandani misuli haingoji. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani waliwalaza wazee 12 wenye afya kwa siku 10, bila ugonjwa wowote, wakala chakula cha kutosha. Walipoteza karibu kilo nzima ya misuli ya miguu. Bibi wetu alikuwa na maumivu, njaa na mfupa uliovunjika, na hakuwa na kilo ya kupoteza.

"Alhamdulillahi"

Upasuaji wenyewe ulikwenda vizuri. Daktari aliyeufanya aliandika maelezo safi, na mtu akiangalia kazi yake kwenye picha hana la kusema. Maelezo yalisema ainuliwe kesho yake. Aliinuliwa siku ya 4, akaketi ukingoni mwa kitanda, akasikia kizunguzungu, akarudishwa kulala. Siku ya 5 akatoka.

Kwa nini siku tatu zikapotea? Nilisoma chati ya wauguzi. Mbele ya neno maumivu, kila zamu, imeandikwa hana. Binti aliyekuwa kando yake wodini aliniambia ilivyokuwa: muuguzi akipita anauliza, "Bibi, unaumwa?" Naye, amelala kimya kama gogo, anajibu, "Alhamdulillahi." Zamu inayofuata hivyo hivyo. Basi dawa ya maumivu iliyoandikwa itolewe akihitaji haikutolewa, kwa sababu hakusema anahitaji. Mwanamke wa Lamu wa umri huo amelelewa kustahimili. Alizaa nyumbani watoto saba, na hawezi kumlalamikia kijana asiyemjua. Huwezi kumwuliza mtu kama huyu swali la ndiyo au la akiwa amelala. Lazima umwombe anyanyue mguu, au ageuke, kisha utazame uso, mkono unaoshika shuka, pumzi anayoizuia. Nilipofanya hivyo wiki ya 4, alifumba macho yote mawili na machozi yakatoka. Aliendelea kusema Alhamdulillahi.

Maumivu yasiyotibiwa yana matokeo yanayofuatana. Anayeumwa hajigeuzi. Asiyejigeuza hupata choo kigumu, na tumbo likijaa hamu ya kula hukatika. Mapafu ya chini hayafunguki. Kidonda cha kulalia huanza kwenye mfupa wa makalio. Chake kilikuwa kimeshachubuka ngozi ya juu, ukubwa wa sarafu ya shilingi 20, kikipakwa spiriti inayochoma. Na usingizi wa usiku hupotea, hapo ndipo inapoingia sehemu ya hadithi niliyoichukia kuliko zote.

Usiku wa tatu na vidonge vya mafua

Usiku wa tatu baada ya upasuaji, wodini, bibi alianza kumwita mumewe aliyefariki miaka mingi iliyopita. Aliona watu wamekaa darini. Alitaka kuvua bendeji. Familia ilisoma Kur'ani, jambo ambalo halina madhara na kwa kweli sauti ya mtu anayemjua ni sehemu ya tiba. Asubuhi alikuwa mtulivu, wote wakashukuru. Utulivu huo ndio uliowadanganya watu, nami nikiri wauguzi wengi hawafundishwi kuutambua. Kuchanganyikiwa baada ya upasuaji kuna sura mbili. Ile ya kelele kila mtu huiona. Ile ya kimya, mgonjwa kulala tu, kujibu kwa neno moja, kutofuata mazungumzo, huitwa uchovu, au huitwa umri.

Nyumbani hakulala usiku na mchana alisinzia. Mjukuu alikwenda duka la dawa akaeleza, akapewa klorofeniramini, vile vidonge vya mafua na mzio ambavyo kila nyumba ya pwani inavyo. Kimoja kila usiku, baadaye viwili. Ni dawa salama kwa kijana mwenye chafya. Kwa mzee, huzuia kemikali ambayo ubongo huitumia kukaa macho na kukumbuka, hukausha mdomo, hufunga choo na huzuia mkojo. Orodha ya dawa za kuepukwa kwa wazee ambayo Mark Beers aliianzisha Marekani mwaka 1991, na ambayo husahihishwa mpaka leo, imeitaja kwa jina. Bibi aliyekuwa ameanza kutoka kwenye ukungu alirudishwa ndani kila usiku kwa wiki tatu.

Nilimpima kwa njia rahisi: nikamwomba anitajie siku za wiki kwa kurudi nyuma. "Ijumaa, Alhamisi…" akanyamaza, akalala. Dakika moja baadaye akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Mtu asiyeweza kushika siku saba hawezi kushika maelekezo yangu ya mguu upi utangulie, kwa hiyo kumfanyisha mazoezi siku hiyo kungekuwa upotezaji wa nguvu zake. Nikampima presha akiwa amelala: 138 kwa 80. Akaketishwa, akasimamishwa kwa kushikwa na watu wawili, nikapima tena ndani ya dakika tatu: 104 kwa 62. Kushuka kwa 20 tayari ni kasoro. Yeye alishuka 34. Kila mara walipojaribu kumsimamisha damu iliacha kichwa, naye akaogopa, akakataa. Walimwona mkaidi.

Nilipiga simu hospitali. Damu ilichukuliwa siku hiyo. Sodiamu ilikuja 124, ilhali kawaida ni 135 hadi 145. Himoglobini, kipimo cha wingi wa damu, 8.9. Kisha daktari wa zamu akafungua bahasha ya rufaa iliyotoka Mombasa, na ndani, kwenye karatasi ya vipimo vya kabla ya upasuaji, palikuwa na sodiamu 129. Ilipimwa, ikachapwa, ikabandikwa kwenye faili. Na katika karatasi ya kuruhusiwa, mstari wa dawa unasema: aendelee na dawa zake za zamani. Binti, mtiifu kama walivyo mabinti wa Lamu, alimpa mama yake hidroklorothiazidi kila asubuhi bila kukosa hata siku moja.

Kurekebisha, na mpangilio wake

Alilazwa siku tatu hapa hapa kisiwani. Kidonge cha presha kilisimamishwa, vya mafua vikatupwa. Alipewa maji ya chumvi ya mshipani polepole, damu ikipimwa mara kwa mara, kwa sababu sodiamu ikipandishwa zaidi ya 8 hadi 10 kwa siku inaweza kuharibu ubongo kwa namna isiyorudi. Alitoka akiwa 131, wiki moja baadaye 135. Presha, ikihitaji dawa, ingetibiwa kwa amlodipini kipimo cha chini. Kwa wiki mbili haikuhitaji chochote. Siku ya nne baada ya kusimamisha dawa zote mbili, binti alinipigia simu: mama ameuliza samaki wa leo ni gani.

Damu ilitupa mjadala. Familia ilitaka aongezewe. Mkwe alikuwa tayari amepata watu wa kutoa. Himoglobini ya mwanamke ikiwa chini ya 12 ni upungufu, kwa hiyo 8.9 ilimtisha kila mtu. Lakini mwaka 2011 kulitolewa utafiti wa Marekani na Kanada kwa wagonjwa zaidi ya 2,000 waliopasuliwa nyonga: walioongezewa damu mapema, chini ya 10, hawakutembea vizuri zaidi siku ya 60 kuliko walioongezewa chini ya 8 tu au wakiwa na dalili. Kizunguzungu chake sasa kilikuwa na sababu nyingine na kilikuwa kinapungua. Tukasubiri. Tatizo lilikuwa vidonge vya chuma alivyopewa Mombasa, vitatu kwa siku. Wiki za mwanzo baada ya upasuaji mwili huwa na uvimbe wa ndani, na ini hutoa homoni iitwayo hepsidini inayofunga mlango wa chuma utumboni. Unameza chuma, kinatoka na kukufungia choo. Tena alikuwa akivimeza na chai, na chai hushika chuma kisifyonzwe. Vikawa kidonge kimoja, siku moja ndiyo siku moja la, kwa maji ya ndimu, mbali na chai. Wiki ya 9 himoglobini ilikuwa 10.4.

Kuhusu maumivu: parasetamoli nusu gramu kila saa 6, bila kungoja aombe, kwa kuwa hafiki kilo 50 na kipimo cha kijana kingekuwa kikubwa. Hakuna diklofenaki, kwa ajili ya figo na tumbo. Tramadoli, dawa kali zaidi ya maumivu, ilikuwa nyumbani. Tuliiacha, huchanganya wazee na huweza kushusha sodiamu tena. Kidonda cha kulalia hakihitaji hadithi ndefu: spiriti ikaachwa, kikasafishwa kwa maji yaliyochemshwa yenye chumvi, akageuzwa kila saa 2, visigino vikaning'inia nje ya mto. Kilifunga.

Chakula kilikuwa kazi ya jikoni na si ya kitabuni. Nilikaa na binti na mpishi wa nyumba, tukatafuta gramu 55 ndani ya vitu wanavyovijua. Mayai mawili, gramu 12. Glasi mbili za maziwa, 16. Samaki asiye na miba, kipande cha ukubwa wa kiganja, karibu 20. Changu akachambuliwa na mjukuu kabla hajafika sahani. Kikombe cha mbaazi za nazi, kama 11. Samaki aliliwa mchana, wakati bibi ana hamu, kabla ya wali na siyo baada yake. Mwanzoni alikuwa akimrudishia mjukuu kipande chake kwa siri. Mjukuu akaambiwa asikubali. Akakubali mara moja moja, najua.

Nyumba ya Lamu na nyonga ya chuma

Hapa ndipo kazi yangu ilipoanza, wiki ya 6. Nyonga ilipasuliwa kutokea nyuma, kwa hiyo kwa wiki 12 hakupaswa kukunja paja kupita pembe mraba wala kukutanisha magoti. Karatasi ya kuruhusiwa ilisema hivyo. Haikusema kwamba choo cha nyumbani ni cha kuchutama, kwamba chumba chake kiko juu ghorofani kwa ngazi za mawe zenye vidaraja virefu visivyolingana, na kwamba mtu huyu husujudu mara nyingi kwa siku. Alikuwa amepunguza kunywa maji makusudi ili asisumbue watu kumpeleka chooni. Hilo nalo lilikuwa sehemu ya ile presha ya kushuka.

Choo kilitatuliwa na fundi seremala wa Langoni: kiti kigumu cha mbao chenye mikono, kilichotobolewa, kikawekwa juu ya tundu. Kwa sala, ruhusa ya mgonjwa kuswali ameketi kila mtu anaijua, lakini kujua na kukubali ni mambo mawili. Alikataa wiki nzima, akiswali kitandani kwa ishara huku ameona haya kuketi kitini kama, alivyosema, "bwana mkubwa ofisini." Kaka yake mwenye ndevu nyeupe alikuja, akachukua kiti kingine, akaswali naye ameketi. Ikaisha.

Chumba kilileta ugomvi zaidi. Nilitaka kitanda kishushwe chini. Yeye hakutaka, kwa kuwa chini ndiko wanakopokelewa wanaume, na hataki kuonwa akikokotwa. Nilikuwa nimefikiri habari ya ngazi tu. Yeye alifikiri habari ya sitara. Pazia nzito na mlango wa nyuma vilimaliza jambo, na mkutano wa wanaume ukahamia baraza ya nje.

Wageni nao. Kumtembelea mgonjwa ni wajibu hapa, na nyumba haikukosa watu tangu asubuhi hadi isha. Kila aliyeingia alisema maneno yale yale: "Pumzika, Bi Mkubwa, usiinuke." Kwa mapenzi tu. Binti aligeuza utaratibu: mgeni anapokelewa bibi akiwa ameketi kitini, na kahawa hailetwi mpaka bibi amesimama mara tano, akishika mikono ya kiti, mgeni akihesabu. Wanawake wa mtaa walilichukua kama mchezo. Parasetamoli ilitangulia kwa nusu saa au zaidi. Mara tano kabla ya kila sala, mara kadhaa kwa wageni: kwa siku ni mazoezi ya paja ambayo mimi mwenyewe nisingeweza kumwamuru.

Wiki ya 7 alitembea na fremu kutoka kitandani hadi mlangoni. Fremu ilikwama kwenye sakafu isiyo sawa mpaka miguu yake ilipovishwa mpira mpana uliokatwa kwenye tairi. Wiki ya 10 alifika kwa jirani, hatua kama 60 za kichochoro, na mjukuu mbele akisogeza punda. Miezi minne baada ya upasuaji anatumia mkongojo, anapika akiwa ameketi, anapanda ngazi mara moja kwa siku na mtu nyuma yake. Hajarudi alivyokuwa, mguu wa kulia bado mwembamba, na sokoni haendi.

Mambo mawili yamebaki. Mtoto wa jicho wa kushoto hajatolewa, na mtu anayeona upande mmoja hukosea kipimo cha kidaraja. Amewekwa kwenye orodha ya upasuaji wa macho. La pili ni mifupa yenyewe. Aliyevunjika nyonga kwa kuanguka kutoka kimo chake mwenyewe ana mifupa iliyopungua, na hakuna karatasi hata moja, ya Mombasa wala ya hapa, iliyotaja kuitibu. Ipo sindano ya zoledroniki ya mara moja kwa mwaka ambayo, katika utafiti wa mwaka 2007 kwa waliokwisha kuvunjika nyonga, ilipunguza mivunjiko mipya kwa asilimia 35. Bei yake familia haikuiweza. Daktari wa zamu amemwanzishia alendroneti, kidonge cha mifupa, pamoja na vitamini D na kalsiamu. Kidonge ni kimoja kwa wiki, Ijumaa asubuhi, tumbo tupu, kwa glasi nzima ya maji, ameketi wima nusu saa kabla ya chai.